Uzi: Tunawafundisha wachungaji kuhubiri. Kukaa na vijana wetu wa ughaibuni, nani atawafundisha?

Mwalimu wa Jioni (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na ninyi msio wa imani yetu, salamu zenu pia, maana humu tuko wa kila namna.

Mimi ni Mkongo wa Fizi. Nimeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania, tangu 1998 hadi 2015, na sasa niko Kentucky, Marekani. Mchana niko kiwandani, na jioni mbili kwa juma nafundisha darasa la watumishi wanaojiandaa kwa uchungaji. Ni watu kumi na mmoja: Wakongo wanane, Warundi wawili na dada mmoja Mtanzania. Wote wana kazi, karibu wote wana watoto, na wengine hufika na viatu vya kazini bado miguuni. Tunasoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha.

Nimeleta uzi huu kwa sababu ya swali moja nililolisikia kanisani mwezi wa tatu.

Tunakodi jengo la kanisa la Wamarekani. Wao wanaabudu asubuhi, sisi tunaingia saa nane mchana, na saa kumi na moja na nusu lazima tuwe tumeshafagia. Siku hiyo nilichelewa, nikakaa nyuma kabisa, penye safu ya vijana. Mhubiri alikuwa katika Isaya sita, anahubiri kwa nguvu, na kila sentensi mbili tatu linakuja neno utukufu. Wakubwa wamesimama, mikono juu, akina mama wanapiga vigelegele. Mbele yangu kijana wa miaka kumi na tano akamwinamia dada yake akamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini: "Utukufu maana yake nini?" Dada akapandisha mabega. Kijana akarudi kwenye simu yake.

Ndugu zangu, mtoto huyo amezaliwa mikononi mwa kanisa. Aliombewa madhabahuni akiwa na wiki tatu, chini ya turubai, kule kambini. Ameimba kwaya ya watoto. Neno utukufu limepita kinywani mwake mara ngapi, na katika miaka kumi na mitano hakuna hata mmoja wetu aliyeketi naye akamwambia maana yake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mhubiri wa siku hiyo alikuwa mwanafunzi wangu. Alama zake za somo la mahubiri nilizitoa mimi, na zilikuwa nzuri.

Usiku ule sikulala. Nikaanza kuhesabu vijana tuliokuwa nao wakati kanisa letu linaanza, nikawatafuta mmoja mmoja kichwani. Wengi hawapo. Hatukuwaona wakiondoka kwa sababu viti havikuwahi kubaki vitupu. Kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinaleta watu wapya. Mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake Marekani ilipokea Wakongo zaidi ya 16,000, wengi wao kupitia Kigoma, Uganda, Burundi na Rwanda. Akiondoka kijana mmoja kimyakimya, inaingia familia ya watu wanane yenye ngoma na sauti nzuri, nasi tunasema kanisa linakua. Tarehe 20 Januari 2025 ikatolewa amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Sasa ndiyo tunaviona viti.

Basi nikajiuliza mtaala wangu una nini ndani yake. Una mahubiri, historia ya kanisa, mafundisho ya imani, uongozi, ndoa na mazishi. Ni vitu vyema, na nilivipokea kwa walimu walionipenda. Lakini hakuna saa hata moja ambapo mtumishi anafundishwa kumsikiliza kijana aliyetoka kambini akiwa na miaka saba, anayeota ndoto kwa Kiingereza na kukaripiwa kwa Kiswahili.

Mhula huu nimebadilisha. Kila mwanafunzi amepewa familia moja yenye kijana, na kazi yake ni kwenda popote kijana anapokwenda na mzazi wake: shuleni, ofisi ya leseni, hospitalini, mahakamani ikibidi. Haruhusiwi kuhubiri. Anaruhusiwa kusindikiza, kuuliza na kuandika. Jioni ya Alhamisi anasoma alichoandika mbele ya wenzake, nasi tunafungua Maandiko kutoka hapo.

Nataka kusikia kwenu. Walioko Ulaya, Kanada, Australia, na walioko nyumbani wanaofundisha vyuo vya Biblia, mnafanyaje?

---

Msindikizaji wa Kiomboi

Amina mwalimu. Mimi ni Mlutheri wa KKKT, nyumbani Iramba, mkoa wa Singida. Umenikumbusha kitu ambacho Wanyiramba wengi hatukifahamu vizuri.

Waliotujengea hospitali ya Kiomboi, na waliowabatiza babu zetu kuanzia miaka ya 1920, walikuwa wamisionari wa Sinodi ya Augustana. Sisi tuliwaita Wamarekani, tukaishia hapo. Lakini hilo lilikuwa kanisa la wahamiaji! Ni Waswidi waliokimbia umaskini kwao, wakaanzisha sinodi yao Marekani mwaka 1860. Na mwaka huohuo wa 1860 wakaanzisha na shule ya kuandaa wachungaji, Chicago, wakati hata makanisa ya kuwaajiri hao wachungaji yalikuwa bado ni vibanda. Walihubiri Kiswidi, wakaimba Kiswidi, wakagombana sana juu ya watoto waliokuwa wanarudi kutoka shuleni na Kiingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Kiingereza kikashinda upesi.

Sasa angalia mpangilio wa Mungu. Wajukuu wa wale wahamiaji ndio waliokuja Iramba, wakajifunza Kinyiramba na Kiswahili. Kanisa lililokubali watoto wake waseme lugha ngeni ndilo lililopata watu wa kututumia. Wangeng'ang'ania Kiswidi mpaka kijana wa mwisho atoke mlangoni, sijui mimi leo ningekuwa Mkristo wa namna gani.

Nakutia moyo, mwalimu.

---

Mtumishi Imara

Nawasalimu wote. Mwalimu, nakuheshimu na sina ugomvi nawe, ila uniruhusu nipishane nawe kidogo.

Mchungaji ameitwa kwa Neno na maombi. Nimekuwa mchungaji miaka ishirini na mbili, Uvira na sasa Ohio. Nikianza kuzunguka ofisi za leseni na mikutano ya shule, nitahubiri nini Jumapili? Watoto wetu wana mashirika, wana walimu, wana washauri wa shule. Kanisani wamekuja kumtafuta Mungu.

La pili ni lugha. Soma Nehemia 13:24. Nehemia aliwakuta watoto ambao nusu yao walisema Kiashdodi na hawakujua kusema lugha ya Wayahudi. Alifurahi? Alikasirika mpaka akawang'oa watu nywele. Mtoto asiyejua neno utukufu, kosa ni la mzazi aliyemwachia runinga imlee. Dawa yake ni kumfundisha Kiswahili. Tukianza kuwafuata katika Kiingereza, miaka kumi ijayo bibi atakaa kanisani kama mgeni. Naye bibi ndiye aliyeomba usiku kucha tukiwa porini tunakimbia.

Nasema haya kwa uchungu. Mimi mwenyewe nina wajukuu wawili ambao hawawezi kunisalimia.

---

Mwalimu wa Jioni

Mchungaji, shikamoo. Nimesoma neno lako mara mbili, na hilo la wajukuu limenigusa. Naomba nikujibu kama mtoto anavyomjibu baba.

Kuhusu Neno na maombi, maneno hayo yanatoka Matendo sura ya sita, siyo? Tusome sura yote. Yerusalemu kulikuwa na Wayahudi wa aina mbili, wenyeji wenye Kiebrania chao na waliotoka ughaibuni wenye Kiyunani. Wajane wa hawa wa pili wakawa wanasahauliwa katika chakula cha kila siku. Mitume hawakusema jambo hilo si la kanisa. Walisema wachaguliwe watu saba, wenye Roho na hekima. Sasa angalia majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani. Lalamiko lilitoka kwa watu wa ughaibuni, na kanisa likaweka ghala mikononi mwa watu wenye majina ya ughaibuni. Wawili kati yao, Stefano na Filipo, hawakuishia kwenye meza. Stefano akahubiri mpaka akapigwa mawe, Filipo akabatiza Samaria na njia ya Gaza. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba meza ile ilikuwa chuo chao cha uchungaji.

Nikueleze pia kilichotokea mwezi wa nne. Mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa lori usiku, alimsindikiza baba mmoja kwenye mkutano wa wazazi na walimu. Kijana ana miaka kumi na minane, yuko darasa la kumi na moja. Walikaa kwenye vile viti vidogo vya darasani, mwalimu Mzungu upande huu, baba na koti lake la Jumapili upande ule, kijana katikati anatafsiri. Mwalimu akasema: amekosa siku kumi na nne, hesabu anafeli, asipobadilika hatamaliza. Kijana akamgeukia baba yake: "Anasema ninaendelea vizuri, ila niongeze bidii kidogo kwenye hesabu." Baba akatabasamu, akamshika mwalimu mkono kwa mikono miwili, akasema "Mungu akubariki." Mwalimu akamtazama yule kijana, hakuelewa kwa nini mzazi anafurahi.

Mwanafunzi wangu anajua Kiingereza. Alisikia yote. Hakusema kitu mle ndani. Anasema magoti yalikuwa yanamtetemeka, maana alijua akifungua mdomo atamvunjia baba heshima mbele ya mgeni, na akinyamaza atakuwa mshiriki wa uongo. Nje, kwenye maegesho, akamwambia kijana "Nimesikia," basi. Kijana akalia palepale penye magari. Ikajulikana kwamba tangu Krismasi anafanya kazi ghala la vifurushi mpaka saa nane usiku. Familia ilikuwa nyuma miezi mitatu kwenye deni la tiketi za ndege, lile tunalolipa wote tukishafika, na barua za deni zilikuwa zinakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyezisoma ni yeye. Aliamua kulibeba mwenyewe ili baba asijue.

Walirudi ndani ya gari wote watatu, wakakaa karibu saa nzima. Baba alipoelewa, hakumpiga wala hakufoka. Alivua koti, akamfunika mwanawe. Wiki iliyofuata walipiga simu, wakaomba malipo yapunguzwe kwa mwezi, wakakubaliwa.

Mchungaji, Alhamisi ile yule dereva wa lori alipotusomea habari hiyo, tulifungua Mithali, tukafungua habari za Yusufu aliyeilisha nyumba ya baba yake katika nchi ya kigeni, na nikwambie ukweli, sijawahi kufundisha darasa kama lile. Jumapili alihubiri Yusufu. Yule kijana alikaa safu ya tatu kutoka mbele.

Kuhusu lugha nitarudi. Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani.

---

Binti wa Kambini

Samahani, Kiswahili changu cha kuandika si kizuri sana, nimetoka Nyarugusu nikiwa na miaka tisa. Nina miaka ishirini. Nimesoma hapa na moyo wangu umedunda.

Mimi ndiye nilikuwa natafsiri mahubiri kanisani kwetu tangu miaka kumi na tatu. Nilikuwa natafsiri barua za nyumba, barua za shule, simu za bili. Nilipokuwa na miaka kumi na sita mama aliumwa tumbo, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa anazungumza na mimi, hakuwa anamtazama mama. Akasema wameona kitu kwenye kizazi, wanafikiri ni kansa. Sikujua Kiswahili cha kizazi. Nilimwambia mama, "Wameona ugonjwa kule watoto wanakotokea." Mama akaniuliza, "Nitakufa?" Nikamwuliza daktari kwa Kiingereza kama mama yangu atakufa. Nilikuwa nimevaa sare ya mpira wa miguu, nilitolewa mazoezini.

Mama alipona, Mungu asifiwe. Lakini Jumapili ile nilipanda kutafsiri kama kawaida, na hakuna mtu aliyeniuliza umelala. Mchungaji alitangaza kwamba mama anaumwa, tumwombee mama. Mimi nilitafsiri hilo tangazo.

Sikuacha Mungu. Niliacha kwenda pale kwa sababu nilichoka kuwa mdomo wa watu. Mwalimu, wanafunzi wako wakikaa na vijana, waambie wasianze na "mbona siku hizi hatukuoni." Waulize kwanza: nani alikutafsiria wewe?

---

Mkalimani Nevada

Binti, pole sana mdogo wangu. Mimi ni mkalimani wa hospitali, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja. Naomba wachungaji wote walio Marekani wasome hapa polepole.

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu haitakiwi kumtegemea mtoto kutafsiri. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na kanuni za afya tangu 2016 zimelisema wazi: mtoto mdogo asitumike kama mkalimani isipokuwa ni dharura na hakuna mwingine wa karibu. Mkalimani ni bure kwa mgonjwa. Yupo wa simu, yupo wa video. Unachotakiwa kusema ni "Swahili interpreter, please," na kama ni Kibembe, Kinyarwanda au Kifuliru, sema hivyo, watatafuta. Shule nazo ni hivyohivyo kwenye mikutano na wazazi. Wapo wafanyakazi wanaosema "lakini binti yake anajua Kiingereza vizuri." Mchungaji aliyefundishwa atasimama hapo kwa upole na kusema hapana, huyu amekuja kama mtoto wa mgonjwa.

Mwalimu, ongeza mambo mawili kwenye darasa lako, nimeyaona yakiwaumiza vijana wa kanisa. Mvulana akifika miaka kumi na minane anatakiwa awe ameandikishwa Selective Service, yaani orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini, hata kama si raia. Wengi hawajui, halafu linakuja kuwasumbua wakiomba uraia. La pili, ofisini kwa leseni ya udereva wanauliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Kijana mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi nchini daima bila kuwa raia, anabonyeza ndiyo kwa adabu tu, kwa sababu amezoea kusema ndiyo kwa wakubwa. Kudai uraia ambao hujapata ni kosa zito sana katika sheria ya uhamiaji, linaweza kumfukuzisha nchini. Hilo litangazwe kanisani kila kiangazi, shule zikifungwa.

---

Kasisi wa Pwani

Nawasalimu kutoka Minnesota, ila kwetu ni Mombasa, Mwanglikana. Nimehudumu hospitalini kama kasisi, kwa hiyo niongeze kuhusu namna ya kufundisha.

Anachokifanya mwalimu kina mizizi. Mwaka 1925 mchungaji mmoja, Anton Boisen, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa akili, alichukua wanafunzi wa theolojia akawapeleka hospitali ya Worcester, Massachusetts, wakae na wagonjwa. Aliwaita wagonjwa hati hai za binadamu, za kusomwa kwa makini kama tunavyosoma vitabu. Kutoka hapo yakatokea mafunzo ya uchungaji wa hospitali tunayopitia leo, saa 400 kwa kipindi kimoja, na sehemu kubwa ya hizo ni kukaa, kuandika ulichoambiwa na ulichojibu, kisha kusomewa na wenzako bila huruma. Mwalimu, wanafunzi wako waandike maneno yenyewe, wasiandike muhtasari. "Nilimtia moyo" haitufundishi kitu. Aliposema hivi, ulisema nini?

Na wanafunzi wenye shifti, usiwaone wanyonge. Mwaka 1963 kule Guatemala Wapresbiteri walichoka kuona chuo kinatoa vijana wasiorudi vijijini, huku viongozi wenyewe wa makanisa wana mashamba na watoto, hawawezi kwenda bweni. Wakakipeleka chuo kwao. Elimu ya theolojia kwa njia ya upanuzi, ambayo sasa inajulikana hata Afrika Mashariki, ilianzia hapo.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jambo la Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru. Mtu wa Mombasa akipita Kongowea anaiona ile kengele. Wachache wanajua kwamba chuo cha kitheolojia kilichopo Limuru sasa kama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo kilianzia hapo Frere Town mwaka 1903. Na kabla ya chuo kulikuwa na watu. William Jones alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekamatwa utumwani, akaokolewa baharini, akalelewa India, huko Nasik, na wenziwe wengi wa namna hiyo. Alirudi Afrika mwaka 1864 akiwa si wa huku kabisa wala si wa kule. Rabai, karibu na Mombasa, walimwona mgeni, mwenye mavazi na lugha za ng'ambo. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimbariki kuwa shemasi, pamoja na Ishmael Semler. Mwaka uleule Hannington alisafiri kwenda Uganda akauawa Busoga, na aliyewarudisha waliobaki wa msafara hadi Rabai ni huyo William Jones.

Kwa hiyo kanisa letu la Pwani lina deni kwa vijana walionyang'anywa lugha na kwao. Walipewa madaraka. Mtumishi Imara, nakuomba kwa heshima, mpe kijana mmoja ufunguo wa jengo na daftari la fedha za vijana, akosee na umrekebishe.

---

Binti wa Kambini

Asanteni wote. Dada mkalimani, sikuwa najua hiyo sheria. Nimeisoma nikalia, lakini si vibaya.

Kuna kingine naogopa kusema kanisani. Rafiki yangu wa karibu shuleni ni Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo. Tulikutana darasa la Kiingereza, wote wawili tumewekewa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi, tukacheka tukawa marafiki. Sisi Wabembe tuna makaburi Makobola, Kongo, ambako watu wetu waliuawa mwisho wa 1998. Wao wana makaburi Gatumba, Burundi, ambako watu wao waliuawa tarehe 13 Agosti 2004, na kila Agosti naenda kukaa naye siku hiyo. Makanisa yetu yako barabara moja na hayasalimiani. Wachungaji wanaofundishwa watafundishwa nini juu ya hilo? Sisi vijana tunaimba pamoja kwenye gari tu.

---

Mwalimu wa Jioni

Binti yangu, hilo sikulijibu juma zima kwa sababu sikutaka kulijibu upesi. Nimepoteza watu Makobola. Nimelisoma neno lako darasani kwangu, bila kusema limetoka wapi, na mwanafunzi mmoja ambaye ni Mnyamulenge alisimama akatoka nje. Nikamfuata. Tulisimama kwenye baridi hatusemi kitu, halafu akanitajia majina matatu, nami nikamtajia ya kwangu. Agosti hii nitakwenda kwenye kumbukumbu yao, nikae nyuma. Sitapanda jukwaani. Ukiwa na rafiki yako, nitafurahi kukaa karibu nanyi.

Sasa lugha, Mchungaji Imara, maana nilikuahidi. Sitaki watoto wapoteze Kiswahili. Dawa yako ni sahihi, naongeza tu mfundishaji. Tumeanza kitu kidogo: dakika ishirini kabla ya ibada, mwanafunzi wangu mmoja, vijana wanne, na mabibi wawili. Vijana wanaleta neno moja walilolisikia kwenye wimbo na hawalijui. Bibi analieleza kwa maisha yake, kijana analiandika kwa maneno yake mwenyewe, lugha yoyote. Neno la kwanza mnalijua.

Nilieleza kwamba kwa Kiebrania utukufu unatokana na uzito. Bibi mmoja akasema: "Mimi naujua kwa mtungi. Ukiwa umejaa hautingishiki." Yule kijana wa miaka kumi na tano akawaza, akaandika kwa Kiingereza chake, kisha akatusomea kwa Kiswahili, polepole: "Ni kama kitu kizito kimewekwa katikati ya chumba. Huwezi kupita bila kukizunguka." Yule mhubiri wa Isaya sita alikuwepo. Alitoa kalamu akanakili.

---

Mama wa Watano

Habari zenu. Mimi sijasoma sana, naandikiwa na jirani. Niko Iowa. Tulifika 2019 na watoto watano, baba yao alibaki kwenye ardhi ya Kongo. Mkubwa wangu ana miaka kumi na saba. Haendi kanisani, hasemi nami, anakula chumbani. Mchungaji alikuja akamwombea, akamwekea mikono kichwani, mtoto akaondoka na hakurudi mpaka usiku. Nifanye nini? Na karatasi za uraia sijaomba, naogopa mtihani wa Kiingereza.

---

Mkalimani Nevada

Mama, shikamoo. La mtoto wengine watakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nakuomba uniambie tarehe yake ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi, maana kuna jambo la haraka. Kwa sheria iliyoanza kutumika 2001, mtoto mwenye kadi ya kijani anayeishi na mzazi wake anakuwa raia moja kwa moja mzazi akiapa, ilimradi mtoto hajafikisha miaka kumi na minane. Mkimbizi anahesabiwa miaka mitano tangu siku aliyofika, kwa hiyo wewe umeshapitisha. Ukiapa kabla ya siku yake, wote watano wamevuka nawe. Akishatimiza, mkubwa ataomba peke yake na kulipa peke yake.

---

Mama wa Watano

Imeandikwa 1 Januari. Inabaki miezi minane.

---

Mwalimu wa Jioni

Mama, nimempigia ndugu mmoja niliyesoma naye Nyarugusu, yuko mji jirani na wako, naye anasomea uchungaji. Anasema Jumanne na Ijumaa hana shifti. Atakuja, hataomba kwa sauti, na hatamwuliza kijana habari za kanisa. Atakuja kwa ajili ya masomo yako ya uraia. Kuna madarasa ya bure maktaba nyingi za miji, atakupeleka. Mapema muone wakili wa shirika la wakimbizi ili fomu ipelekwe sasa, kwa sababu majibu huchukua miezi. Kijana mwambie ukweli tu: kwamba unaogopa, na kwamba tarehe ni yake.

---

Mama wa Watano

Nimemwambia jana usiku mlangoni kwake. Hakujibu. Leo asubuhi nimekuta maswali ya uraia kwenye meza ya jikoni, ameyaandika kwa mkono, Kiingereza juu, na chini yake Kiswahili chake chenye makosa. Jirani amenisomea. Swali la kwanza ameliandika mara mbili.